Majua Kumi na Moja Chumbani Kwangu

"Mimi kumlilia mwanamke? Tangu nizaliwe sijawahi. Anayebisha alete shahidi."

Nilimwambia hivyo Rula kwenye simu, saa tano na robo asubuhi, nikiwa nimelala chali kitandani na viatu vya kazi miguuni. Rula ni fundi mwenzangu wa kuezeka mabati. Jina hilo tulimpa kwa urefu na wembamba. Siku hiyo hakuna aliyepanda paa. Jua lilikuwa linakwenda kupatwa, lote zima, mchana kweupe, na bosi alisema hataki fundi anayetazama juu akiwa juu.

"Basi kama hulii, toka ndani," Rula akasema. "Tuko uwanja wa shule. Wanagawa miwani ya karatasi, ukiivaa unafanana na mwizi wa kwenye katuni."

"Mimi natazamia nyumbani."

"Nyumbani utaona nini? Kuna jua chumbani kwako?"

"Ninayo kumi na moja."

"Umeanza."

"Njoo uhesabu mwenyewe."

"Kaka, mpigie simu mke wako."

"Nani kakutajia mke?"

"Cherehani yake si inaondoka leo?"

Hapo nikamwambia mtandao unasumbua, halo, halo, nikakata. Mtandao ulikuwa mzima kuliko mimi.

Ila kuhusu majua sikumdanganya. Chumba changu hakina dari, ukilala unatazamana na bati. Na bati langu lina matundu kumi na moja ya misumari ya zamani. Jua likipanda, kila tundu linateremsha duara dogo la mwanga sakafuni, kama vifungo vya koti vilivyomwagika. Kinyozi hajinyoi, najua, usinikumbushe. Kila tundu kule juu limezungushiwa alama ya chaki, kama tunavyofanya mafundi kabla ya kupaka lami. Alama zilikuwapo. Lami ndiyo haikuwapo.

Pembeni ya mlango ilikuwa cherehani ya mke wangu, imefunikwa kitambaa cha maua. Mke wangu ni mshonaji wa sare za shule. Wiki tano zilikuwa zimepita tangu aondoke, akatuacha mimi, cherehani na sanduku moja. Alisema atarudia viwili.

Asubuhi ile aliniandikia:

"Kaka anakuja na gari saa nane kuchukua cherehani. Ikitoka cherehani, na mimi nimetoka. Kama una la kusema, sema sentensi moja. Isiyo na mzaha. Moja tu."

Sentensi moja. Mtu angeniambia niezeke kanisa zima kwa jino, ningeuliza lipo wapi kanisa. Lakini sentensi moja isiyo na mzaha?

Nikaandika: "Cherehani imegoma kuhama. Inasema imeshamzoea mwenye nyumba na inataka mkataba wa maandishi."

Nikatuma kabla akili haijafika.

Jogoo akawika.

Nikaketi kitandani. Humu uani hakuna anayefuga hata kifaranga. Ukuta unaotenganisha chumba changu na cha Bibi Nesi haufiki juu, unaishia kwenye kenchi, zile mbao zinazobeba bati, na hewa yote iliyobaki ni ya ushirika. Bibi Nesi amestaafu kazi ya hospitali lakini masikio hayajastaafu. Anajua nimekula nini, na kama nimeshiba.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mjukuu. Mbona uko ndani watu wote wametoka?"

"Na wewe mbona uko ndani?"

"Mguu. Na wewe una mguu?"

"Ninayo yote miwili, imegoma. Bibi, umefuga jogoo?"

Kikohozi kirefu, cha mtu anayetafuta neno.

"Jogoo wa wapi? Redio si imesema leo wanyama watachanganyikiwa? Utasikia hadi ng'ombe. Lala."

Nikalala. Simu ikatetema tumboni. Mke wangu:

"Huo ni mzaha. Bado unayo nafasi."

Ngoja niwaambie kosa langu, maana mtadhani aliondoka kwa sababu ya matone ya mvua. Matone yalikuwapo. Wiki hiyo alikuwa ameshona mashati meupe thelathini na mawili, ameyapanga mezani ayapeleke kesho yake, mvua ikanyesha na bati langu likayatia madoa ya kutu. Aliamka akayatazama.

"Mume fundi wa mabati," akasema, "mke ananyeshewa ndani."

Mimi nikamjibu nini? Nikamjibu, "Angalia vizuri, zimekuwa sare za madoa. Shule nyingine hawana."

Hakupiga kelele. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akakunja shati moja, akalikunjua, akalikunja tena.

"Siku ya kumzika baba," akasema, "wewe ulichekesha watu. Tangu asubuhi. Hadi mashangazi walishika mbavu. Wote walinifuata wakaniambia una bahati, mume wako ametutoa majonzi."

"Sasa ubaya uko wapi?"

"Mimi sikutaka kutolewa majonzi. Nilitaka mtu mmoja wa kulia naye. Nikakutafuta. Nikakukuta umezungukwa na watu unaigiza namna baba anavyoshuka ngazi."

Nilitaka kusema kitu. Kilichotoka ni, "Lakini si niliigiza vizuri?"

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Ulitumbuka palepale.

Baba yake, niseme na hili, ndiye aliyenifundisha kazi. Mkwe baadaye, kwanza alikuwa fundi wangu. Mzee mfupi, anashika nyundo kwa mkono wa kushoto. Siku ya kwanza juu ya paa niliulenga msumari nikaukosa nikakigonga kidole, machozi yakanitoka. Akanitazama bila huruma.

"Fundi halii juu ya paa," akasema. "Machozi yakikuziba macho utakanyaga hewa. Shuka, lia, panda tena."

Basi nikajifunza nusu yake. Kupanda.

Mwaka uliofuata nilikuwa nashinda nyumbani kwake kuliko kwangu, nikisingizia nyundo, kumbe binti yake anashona barazani. Nilimchezea kila aina ya vituko. Nilibandika tangazo mgongoni kwake, "Naziba na matundu ya soksi." Nilimwekea kwenye simu mlio wa jogoo kila ujumbe unapoingia, simu ikawika katikati ya kikao cha wazazi shuleni, mwalimu mkuu akatazama dirishani. Aliapa kuuondoa siku hiyohiyo. Alinicheka miaka yote hiyo. Mtu akikucheka kwa muda mrefu unasahau kwamba anaweza kunyamaza.

Saa sita na nusu nilipotazama sakafuni, majua yangu yalikuwa yameng'atwa.

Yote kumi na moja, upande uleule, kama biskuti zilizopitiwa na mtoto mmoja. Nilishusha miguu taratibu nisiyakanyage. Moja lilikuwa kwenye kiatu changu. Moja juu ya kitambaa cha cherehani, katikati ya ua jekundu. Nikageuka kusema, "Njoo uone," na nikaifungua midomo kabisa. Chumba kilikuwa na kitanda, meza, sanduku na mimi.

Huko uwanjani watu walikuwa wanashangilia, sauti inafika imechujwa, kama sherehe ya mtaa usioujua. Redio ya Bibi Nesi ilikuwa inasema tusilitazame jua kwa macho matupu. Hakuna aliyekuwa na la kuniambia zaidi ya redio.

Nikaandika: "Jua limepatwa. Na mimi nimepatwa. Tofauti ni kwamba lenyewe litaachiwa baada ya dakika mbili."

Nikatuma.

Jogoo akawika.

"Bibi, jogoo wako anakwenda na wakati."

"Mjukuu, mwache jogoo na mambo yake. Wewe shughulika na yako."

Simu ikatetema.

"Ungeishia kwenye nimepatwa."

Nilisoma mara nne. Ungeishia kwenye nimepatwa. Kumbe nilikuwa nimeipata ile sentensi, nikaipita kama mlevi anavyoupita mlango wake.

Nikaandika, "Samahani." Nikafuta. Nikaandika, "Rudi, wali unaungua." Nikafuta, maana hata jiko sikuwa nimewasha tangu juzi. Nikaandika, "Nisamehe kwa yote niliyofanya na nitakayofanya, malipo ya jumla yana punguzo," kidole kikapitiliza hadi kutuma.

Jogoo.

Safari hii Bibi hakusema kitu, na simu haikutetema. Nikangoja. Vipande vya jua vilikuwa vimebaki vyembamba, kumi na moja, kama kucha zilizokatwa. Mwanga wa dirishani ukageuka rangi ya bati jipya. Baridi ikaingia, ile ya jioni, saa saba mchana.

Simu ikaita. Rula tena.

"Unaliona lakini?"

"Naliona."

"Zimebaki dakika tatu. Watu huku wameshikana mikono, hata bosi kamshika mkono mpishi. Umempigia?"

"Rula, yule mzee aliwahi kukwambia atakuja Jumamosi?"

"Mzee gani?"

"Basi."

"Kaka, unalia?"

"Kutu. Bati linadondosha kutu, imeniingia jichoni."

"Yote mawili?"

Nikakata. Hapo hata sikusingizia mtandao.

Kisha majua yangu yakazimika. Sikuona lililotangulia na lililofuata. Yalikuwapo kumi na moja, yakawa nyuzi, yakawa hakuna. Sakafu ikawa sakafu. Uwanjani walipiga ukelele mmoja halafu hata wao wakanyamaza. Cherehani ikawa kivuli kilichoinama, na kwa sekunde nzima nilidhani ni yeye amekaa anatunga uzi.

Nimewahi kukaa gizani, umeme hukatika kwa kila mtu. Lakini giza lile lilikuwa na mchana ndani yake. Lilikuwa kama nyumba ya mtu unayemjua, umeingia, umemwita, hayupo, na chai yake bado ina moto.

Nikatazama juu. Sikuona matundu wala chaki, lakini nilijua kila duara lilipo. Nikaandika kwa dole gumba, mwanga wa simu usoni, bila kusimama, maana nikisimama ningetafuta kichekesho:

"Sijaziba matundu kwa sababu baba yako aliyazungushia chaki kwa mkono wake akaniambia nisiguse, atakuja mwenyewe Jumamosi na lami, na mimi mpaka leo namsubiri."

Sentensi moja. Nikatuma.

Gizani, karibu kabisa na sikio langu, jogoo akawika.

Baada yake hapakuwa na kitu. Hata redio ilikuwa imezimwa. Nilikaa sakafuni nimeegemea sanduku lake na ile kutu ikaendelea kuniingia machoni, nyingi tu, na kwa kuwa hakukuwa na mtu wala jua la kuniona, sikuizuia.

Mwanga uliporudi ulianzia kwenye kiatu changu. Uzi mmoja mwembamba, kisha kumi nyingine, zimegeuka upande wa pili. Uwanjani wakapiga makofi kama jua limefaulu mtihani. Nikatazama simu. Hakuna jibu. Saa saba na dakika kumi na mbili.

Nikaandika, "Umeipata?"

Jogoo akawika.

Hapo ndipo kichwa changu, ambacho siku nzima kilikuwa likizo, kikarudi kazini. Redio ilisema jogoo atawika mwanga ukirudi. Huyu aliwika mara ya kwanza asubuhi, jua likiwa zima. Akawika tena lilipong'atwa. Akawika gizani. Nikahesabu kwa vidole: jumbe tano, jogoo kawika mara tano.

Nikaandika herufi moja: "A."

Jogoo.

"B."

Jogoo.

Nikasimama. "Bibi Nesi."

"Naam, mjukuu."

"Huyu jogoo wako anajua kusoma?"

Upande wa pili kitu kikaanguka, kikombe au kijiko. Kisha ikaja sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa wiki tano, imepita juu ya ukuta, chini ya bati, kama inatoka kwenye dari ambayo sina.

"Usichekeshe," mke wangu akasema. "Tafadhali. Dakika moja tu usichekeshe."

Nikanyamaza.

"Nilikuja mapema kumsubiri kaka," akasema. "Sikutaka kuingia humo. Nikakaa kwa Bibi. Hilo la chaki ni kweli?"

"Kweli."

"Alikuja lini?"

"Alhamisi. Wewe ulikuwa umepeleka sare. Alipanda juu ya meza yako ya kukatia, nikamshikilia miguu. Akaniambia usitafute tundu siku ya mvua, siku ya mvua utatafuta ndoo. Tafuta siku ya jua. Jua halifichi mtu. Akayazungushia yote. Akasema usiguse, Jumamosi naja na lami, nikuonyeshe inavyopakwa bila kuchafua bati."

Sote tulijua Ijumaa ile kulitokea nini. Mzee alikuwa anavaa kiatu kwenda kazini, akainama, hakuinuka.

"Miezi minane," akasema mwishowe. "Miezi minane nalala chini ya mkono wa baba na hukuniambia."

"Ningekwambia ingebidi niseme kawaida."

"Ungesema kawaida."

"Sijui kusema kawaida. Nikisema kawaida nakanyaga hewa."

Nikasikia mlango wa Bibi ukifunguliwa, kisha hatua, kisha mke wangu akasimama mlangoni kwangu. Amekonda kidogo. Miwani ya karatasi ilikuwa imemning'inia shingoni, sidhani kama aliivaa. Macho yalikuwa mekundu na hakusingizia kutu.

Hakunitazama. Alivuta ile meza, akaisogeza katikati ya chumba, akapanda. Nikamshikilia miguu kama nilivyomshikilia mzee.

"Hii hapa," akasema polepole. "Angalia. Duara haliungani. Baba hakuwahi kufunga duara, hata kwenye daftari zangu za shule. Anaanza chini, anazunguka, anaacha mlango."

"Sikuwahi kuona."

"Ungeniita ningekuonyesha."

Alikaa juu pale, jua limemwangukia shavuni, kipande kimoja chembamba, kikawa kinanenepa. Kisha akainamisha uso.

"Lami inapakwa upande gani wa bati?"

"Juu."

"Na chaki iko wapi?"

"Chini."

"Kwa hiyo ungeweza kuziba bila kumfuta."

"Ningeweza."

"Wewe ni fundi. Ulijua."

"Nilijua," nikasema. "Lakini nikiziba, atakuwa hana cha kuja kufanya."

Akashuka mezani. Safari hii hakunitafuta, nilikuwa pale. Alilia begani kwangu kwa muda mrefu, kilio cha miezi minane, na mimi nikasimama kama nguzo, sikuigiza mtu yeyote.

Honi ikalia nje. Shemeji akaingia na kamba begani, kijasho kimemtoka, miwani ya karatasi ameivaa juu ya paji la uso.

"Mmeona lakini lile jua? Nimesimamisha gari njiani, nikasahau hata jina langu. Haya, tunabeba nini?"

Mke wangu akajifuta kwa mkono wa blauzi.

"Kaka, saa nane haijafika."

"Nimewahi kidogo."

"Basi una nafasi ya kumpeleka huyu akanunue lami. Jumamosi anapanda juu. Mimi nitakaa chini nimwelekeze, tundu moja moja."

Shemeji alinitazama, akaitazama cherehani, akaikunja kamba yake bila kuuliza. Mtu mzima yule.

Tulipokuwa tunatoka, mke wangu akanishika mkono.

"Nikuulize. Na wewe baba ulimlilia?"

"Mzee? Moyoni."

"Na mimi nilipoondoka?"

Nikatazama bati. Nikajikaza kisabuni. Mtu ana heshima yake mbele ya shemeji.

"Mimi? Tangu nizaliwe sijawahi kulilia mwanamke. Anayebisha alete..."

"Mwanangu," Bibi Nesi akamwambia mke wangu kutoka juu ya ukuta, "kabla hajamaliza. Mimi dawa yangu ya presha nameza saa kumi na mbili asubuhi. Saa yangu ya ukutani ilikufa siku ulipoondoka, na sijapeleka kwa fundi. Huyu akishafunga kamba za viatu, anaanza kulia, na mimi nameza. Wiki tano sijakosea hata siku moja. Sasa kama umerudi, nitafutie betri."